Kovu la begani na seli ambayo hakuna aliyeiamini

Nimekuwa kimya humu ndani kwa karibu wiki tatu, mnisamehe. Kazi za chumba cha habari mnazijua: ukimaliza ya bajeti inakuja ya mafuriko, ukimaliza ya mafuriko mhariri anakumbuka ya bajeti. Lakini kuna jambo limenikaa kichwani tangu mwezi uliopita na nimeona niliandike kabla halijachacha.

Dada yangu amejifungua mtoto wa kiume. Mimi ndiye mjomba, na mjomba asiye na fedha hulipa kwa nguvu zake, hivyo siku ya kurudi kliniki nikapewa kazi ya kubeba mkoba. Mtoto alichomwa BCG alipozaliwa. Baada ya wiki kadhaa pale begani pakatoka kipele, kikatunga usaha, na dada akaanza kukosa usingizi. Muuguzi alikitazama kwa sekunde mbili tu, akacheka. "Mama, hiyo ni dalili kwamba chanjo imeshika. Usipake kitu, usikamue, kitakauka chenyewe." Kisha akanigeukia: "Na wewe mjomba, kunja shati tuone la kwako." Ninalo. Nadhani wengi wenu mnaosoma hapa mnalo.

Nikamuuliza, kwani hapo ndani kunatokea nini? Akasema askari wa mwili wanajifunza kumtambua adui. Nikataka kuuliza, wanafundishwa na nani? Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, na akina mama walishaanza kunitazama vibaya. Nikanyamaza.

Swali lile nimetembea nalo. Nimesoma kila nilichoweza kukipata, na nilichokuta ni historia tamu kuliko nilivyotegemea. Ina mwanafunzi aliyekosea, mtafiti aliyepuuzwa, na tuzo iliyofika siku tatu baada ya mwenyewe kufariki.

Tuanze na chanjo yenyewe. BCG ilitengenezwa na Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, kwenye Taasisi ya Pasteur mjini Lille. Walianza mwaka 1908 wakiotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, wakawahamisha kutoka chungu hadi chungu mara 230 kwa miaka 13, mpaka bakteria wale wakapoteza makali. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921, tena kwa kunywa, si kwa sindano. Ikafanya kazi. Lakini ukiwauliza Calmette na Guérin swali langu la kliniki, wasingekuwa na jibu. Chanjo ilitangulia, maelezo yakaja kuifuata zaidi ya nusu karne baadaye.

Kinachochekesha ni kwamba mwalimu aliyekuwa akitafutwa alishaonekana zamani sana. Mwaka 1868, mjini Berlin, mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka kama 21 aitwaye Paul Langerhans alichukua vipande vya ngozi ya binadamu, akavitia rangi kwa kloridi ya dhahabu, akaviweka chini ya hadubini. Akaona seli nyeusi zenye mikono mirefu, mithili ya mti uliopukutika majani. Kwa kuwa zilifanana na neva, akahitimisha kwamba ni sehemu ya mfumo wa neva, za kuhisi mambo kwenye ngozi. Alikosea. Mwaka uliofuata, kijana yuleyule akaeleza mafungu ya seli yaliyotapakaa ndani ya kongosho kama visiwa, bila kujua kazi yake; leo tunajua humo ndimo insulini inamotengenezwa, na vinaitwa visiwa vya Langerhans. Hebu fikiria: kabla ya kumaliza chuo, umeshagundua vitu viwili vitakavyobeba jina lako milele, na huelewi hata kimoja. Baadaye aliugua kifua kikuu, akahamia kisiwa cha Madeira kutafuta hewa nzuri, na akafa huko mwaka 1888 kabla hajatimiza miaka 41.

Kifua kikuu. Ugonjwa uleule ambao mpwa wangu anachanjwa dhidi yake, kwa msaada wa seli alizoziona Langerhans.

Baada ya hapo seli zile zililala kwenye vitabu kwa miaka mia. Wakati huo nyota ya kinga ya mwili ilikuwa ni seli nyingine, ile mlafi inayomeza vijidudu, makrofaji. Ilya Metchnikoff alishapata Nobel kwa kazi ya seli hizo za ulaji mwaka 1908. Watafiti walijua pia kuwa kuna seli-T, askari wenyewe. Lakini askari hao ukiwachanganya na adui peke yao kwenye chupa hawafanyi lolote. Wanahitaji mtu wa tatu. Jibu lililokuwa likitolewa ni kwamba mtu huyo lazima awe makrofaji, kwa sababu kila kitu kilikuwa makrofaji.

Hapo ndipo anapoingia Ralph Steinman. Alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1943, baba yake akiwa na duka. Alisoma McGill, akachukua udaktari Harvard, na mwaka 1970 akaingia Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kwenye maabara ya Zanvil Cohn, ambaye ndiye alikuwa bingwa wa makrofaji. Steinman alikuwa akitazama seli za bandama la panya zikiwa hai juu ya kioo, wakati wengine wengi walizoea kutazama zilizokufa na kukaushwa. Akaona vitu vya ajabu. Kati ya seli mia moja, moja au mbili hivi hazikufanana na nyingine: zilikuwa na matawi, na matawi yale yalikuwa yakichomoza na kurudi, yakijikunja na kujinyoosha. Hazikumeza vitu kama makrofaji.

Mwaka 1973 yeye na Cohn walichapisha habari hiyo na kuziita seli za dendriti, kutoka neno la Kigiriki la mti. Inasemekana alifikiria kwanza kuzipa jina la mkewe, Claudia. Nadhani mama huyo alinusurika.

Mngetarajia dunia ishangilie. Wapi! Wengi walisema hizo ni makrofaji zilizojificha, au uchafu wa maabara, au kitu kisicho na maana kwa sababu ni chache mno. Nimejaribu kujiweka mahali pake. Una miaka 30, umeona kitu kwa macho yako, na mabingwa wanakwambia hujaona. Alichofanya si kulalamika kwenye vikao. Alirudi maabara na kupima. Mwaka 1978, pamoja na Margaret Witmer, alionyesha kwamba kwenye kazi ya kuamsha seli-T, seli zake chache zile zilikuwa na nguvu zaidi ya mara mia kuliko mchanganyiko wa kawaida wa seli za bandama. Hata hivyo ubishi uliendelea hadi miaka ya themanini. Kulikuwa na maabara chache sana duniani zilizokubali kujifunza njia yake ngumu ya kuzichuja, na bila kuzichuja huzioni.

Sasa tufike kwenye kiini cha makala hii. Mwaka 1985, Steinman na daktari wa ngozi kutoka Austria, Gerold Schuler, walichukua zile seli za Langerhans kutoka kwenye ngozi ya panya. Zikiwa zimetolewa tu, zilikuwa dhaifu katika kuamsha seli-T. Wakaziacha kwenye chombo cha kuoteshea siku mbili tatu. Zilibadilika. Zikakuza matawi, zikajaza protini za kuonyeshea adui juu ya ngozi yake, zikawa walimu wakali. Utafiti uliofuata ukaonyesha upande wa pili: zilipokuwa changa zilikuwa hodari wa kukamata na kusaga vitu, na zilipokomaa ziliacha ukamataji huo. Yaani ni seli moja yenye maisha mawili. Ya kwanza ni ya ulinzi mtaani, kwenye ngozi, pua, utumbo, ikinasa kila kinachopita. Ya pili inaanza inaponasa kitu kibaya: inafunga duka, inasafiri hadi kwenye tezi za limfu (zile zinazovimba kwapani au kinenani tukaita mtoki), na kufundisha.

Kiswahili kina neno zuri la mabadiliko haya: kupevuka.

Ndiyo maana kipele kile kilikuwa pale begani. Chini ya ngozi ya mpwa wangu kulikuwa na seli zinazopevuka na kuhama.

Lakini nani anaiambia seli kwamba sasa ni wakati wa kupevuka? Hapa nitatumia mfano wa kazi yangu, wanasayansi mtanivumilia. Kila seli mwilini mwako ina kitabu kilekile cha jeni, kurasa zote. Seli ya ini na seli ya jicho zina kitabu kimoja. Tofauti ni kurasa zipi zinanakiliwa na kupelekwa kiwandani. Kazi hiyo ya kunakili inaitwa unukuzi, neno lilelile tunalotumia tunapokaa na kinasa sauti usiku kucha tukiandika maneno ya mheshimiwa. Na kama gazetini, kuna wahariri. Ni protini zinazokaa juu ya kitabu na kuamua: ukurasa huu unukuliwe, ule uachwe. Hizo ndizo protini za kuongoza unukuzi.

Mhariri maarufu kuliko wote kwenye kinga anaitwa NF-kappa B. Aligunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen, mtafiti kutoka India, akifanya kazi kwenye maabara ya David Baltimore huko Marekani. Mwanzoni walidhani ni mambo ya seli-B tu, ndiyo maana ya ile B. Ikaja kuonekana yumo karibu kila seli, ila amefungiwa nje. Mwaka 1988 Baltimore na Patrick Baeuerle walieleza kwamba kuna protini nyingine inamshikilia nje ya kiini cha seli, kama mlinzi getini. Kengele ya hatari ikilia, mlinzi anaondolewa, mhariri anaingia ndani na kurasa za dharura zinaanza kunukuliwa ndani ya muda mfupi sana. Hakuna kusubiri mhariri azaliwe. Yupo tayari koridoni.

Na kengele je? Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale alitabiri mwaka 1989 kwamba lazima mwili una vipokezi vya kutambua alama za jumla za vijidudu, na kwamba bila hivyo chanjo haziwezi kueleweka. Kijana mmoja kutoka Uzbekistan aliyekuwa akisoma Moscow, Ruslan Medzhitov, aliisoma makala hiyo, akavutiwa, akamtafuta Janeway kwa barua pepe, akaishia kwenye maabara yake. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann huko Ufaransa lilionyesha kwamba nzi asiye na jeni iitwayo Toll anakufa kwa ukungu. Mwaka 1997 Medzhitov na Janeway wakaonyesha kwamba binadamu naye ana kipokezi cha aina hiyo, na kwamba kikiamshwa kinamwingiza NF-kappa B kazini, na seli inatoa nje ile protini ambayo seli-T huihitaji kama ruhusa ya kuanza vita. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler likaonyesha kipokezi cha jamii hiyo ndicho kinachotambua sumu ya bakteria. Mnyororo ukakamilika: kijidudu, kengele, mhariri, ukurasa, kupevuka.

Uthibitisho mkubwa ulikuja kwa kuondoa wahariri mmoja mmoja. Mwaka 1995 makundi mawili tofauti yalitengeneza panya wasio na RelB, ndugu mmoja wa ukoo wa NF-kappa B. Panya wale walikosa seli za dendriti za kawaida zilizopevuka, na viungo vyao vingi vikavimba kwa uchochezi. Mwaka 2008 maabara ya Kenneth Murphy, St. Louis, iliondoa mhariri mwingine, BATF3. Panya hao walikosa kundi moja tu la seli za dendriti, lakini wakashindwa kuua uvimbe wa saratani ambao panya wa kawaida huumaliza wenyewe. Huyu wa pili kazi yake ni tofauti kidogo na ya RelB: anaamua seli iwe ya ukoo gani kabla hata haijafikiria kupevuka. Wapo wengine, PU.1, IRF4, IRF8, sitawachosha kwa orodha.

Ila IRF8 siwezi kumpita, maana ndiye aliyenirudisha kliniki. Mwaka 2011 madaktari walieleza kisa cha mtoto mchanga ambaye nakala zote mbili za jeni yake ya IRF8 zilikuwa na kosa. Herufi moja tu, ukurasa mmoja. Mtoto huyo hakuwa na seli za dendriti kwenye damu. Alikuwa amechanjwa BCG kama mtoto mwingine yeyote, na bakteria wale dhaifu, waliochoshwa miaka 13 na Calmette na Guérin, wakasambaa mwili mzima kwa kukosa mtu wa kutoa taarifa. Aliokolewa kwa kupandikizwa seli za mwanzo za damu kutoka kwa mtu mwingine.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Kipele kilichomnyima dada usingizi kilikuwa ni habari njema kuliko tulivyojua. Msinielewe vibaya, kasoro hii ni adimu mno na si sababu ya mtu kukimbia chanjo. BCG inakinga watoto wetu dhidi ya kifua kikuu cha ubongo na kile cha kusambaa, na hayo yanaua.

Kuna jambo jingine ambalo kundi la Rockefeller lililionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000: seli ya dendriti ikipeleka kitu kwenye tezi bila kupevuka, seli-T hazijifunzi kupigana, zinajifunza kuvumilia. Somo lilelile, mwalimu mbichi, matokeo kinyume. Ndivyo mwili unavyojizuia kujila. Hapo nikaelewa kwa nini watu wanatumia maisha yao kufuatilia protini zenye majina kama namba za magari. Anayeweza kugusa swichi hiyo anaweza, angalau kwa nadharia, kuamsha kinga dhidi ya saratani au kuituliza kwa mgonjwa ambaye kinga yake inamshambulia.

Steinman hakutaka ibaki nadharia. Machi 2007 aligundulika ana saratani ya kongosho, ikiwa imeshafika kwenye tezi. Ndiyo, kongosho lilelile la visiwa vya Langerhans. Ni saratani ambayo wengi wanaogundulika nayo katika hali hiyo hawafikishi miaka miwili. Alifanyiwa upasuaji na kupewa dawa za kawaida, lakini pia wenzake walichukua seli zake mwenyewe, wakazipevusha maabara zikiwa zimebebeshwa alama za uvimbe wake, wakamrudishia. Alijaribu tiba kadhaa za namna hiyo. Aliishi miaka minne na nusu, akienda kazini.

Je, chanjo zake ndizo zilizomwongezea siku? Mwandishi wa habari ndani yangu anataka kusema ndiyo, kichwa cha habari kingekuwa kitamu. Lakini mtu mmoja si jaribio, na tiba zilichanganywa, na wapo wachache wanaoishi hivyo bila chanjo yoyote. Hata chanjo ya kwanza ya aina hii kuruhusiwa Marekani, ya saratani ya tezi dume mwaka 2010, iliongeza maisha kwa miezi kama minne tu, kwa bei kubwa mno, na kampuni iliyoitengeneza ikafilisika mwaka 2014. Wanaouza dawa za muujiza mitandaoni wangekuwa wameshaandika kitabu. Kwa kadiri ninavyosoma, yeye aliamini zilimsaidia lakini hakudai kwamba amethibitisha.

Wiki yake ya mwisho alitania na familia kwamba lazima ajikaze mpaka Nobel itangazwe, maana hawawapi marehemu. Alifariki Ijumaa tarehe 30 Septemba 2011, akiwa na miaka 68. Jumatatu tarehe 3 Oktoba, Stockholm wakatangaza: nusu ya tuzo ya tiba ni yake, nusu nyingine Hoffmann na Beutler. Kamati haikujua kwamba amefariki. Familia ilipanga kuwaarifu wenzake wa Rockefeller siku hiyohiyo. Ikabidi waketi kusoma upya kanuni inayokataza tuzo kwa wafu, na wakaamua kwamba kwa kuwa walimchagua kwa nia njema wakiamini yu hai, inabaki yake.

Manung'uniko hayakukosekana. Janeway alishafariki mwaka 2003, na Medzhitov hakutajwa, jambo lililowafanya wanasayansi kadhaa waandike barua ya wazi kwenye jarida la Nature. Bruno Lemaitre, aliyefanya kwa mikono yake majaribio yale ya nzi, naye alilalamika hadharani kwamba bosi wake ndiye aliyebeba sifa. Kwa maoni yangu hoja ya Medzhitov ina uzito. Ukiondoa kazi yake, kengele na mhariri vinabaki hadithi mbili tofauti.

Kipele cha mpwa wangu kimeanza kukauka. Katikati kuna gamba dogo la kahawia, na dada ameacha kulitazama kila saa. Kliniki tunarudi mwisho wa mwezi. Nimeshamwambia mkoba nabeba mimi, na kwamba tuwahi asubuhi kabla foleni haijaanza, nina mambo ya kuzungumza na yule muuguzi.